Aya ya Nne ya Historia ya Chemchemi

Mimi, Gracia Kunda, mwanafunzi wa bweni mwenye umri wa miaka kumi na sita na adhabu kumi na moja katika daftari la préfet, mkuu wa shule yetu, naandika hapa kwa utulivu habari za Jumamosi ile. Nimesema kwa utulivu. Kalamu ya kwanza niliivunja kabla sijafika kwenye neno chemchemi.

Tuanze nayo, kwa kuwa wote waliotoa hotuba siku ile walianza nayo na hakuna hata mmoja aliyeijua. Iko kwenye uwanja mkubwa wa katikati ya Lubumbashi: beseni la mawe ambalo lori lingeweza kugeukia ndani yake, na katikati samaki watatu wanaotema maji juu. Ilijengwa mwaka 1958 ili wake wa Wazungu wapate pa kupunga hewa jioni. Mtu mweusi aliruhusiwa kuipita, si kuketi ukingoni. Baada ya uhuru kila mtu aliketi ukingoni, lakini maji yakawa yanakuja na kuondoka, na mwishowe yakaondoka moja kwa moja. Kwa zaidi ya miaka ishirini beseni lile lilihifadhi mifuko ya plastiki, maganda ya karanga, na kwa muda fulani godoro.

Mwaka jana kampuni moja ilitoa pesa. Beseni likasuguliwa, pampu mpya ikaagizwa, na bamba la marumaru likachongwa majina. Kisha kamati ya sherehe ikaiomba shule yetu wanafunzi wawili: mmoja wa kuandika historia ya chemchemi, na mmoja wa kuisoma mbele ya wakuu.

Préfet Gauthier alinipa mimi kazi ya kuandika. Ilimuuma kama jino, lakini katika insha hakuna anayenikaribia na yeye ni mtu wa haki siku ambazo hana njia nyingine. Kusoma alimpa Abigaël, ambaye kitanda chake kiko juu ya changu na ambaye kwa sauti yake angeweza kuwauzia wavuvi wa Pweto, kwenye ziwa Mweru, samaki wakavu.

Mimi nimekatazwa kukaribia maikrofoni tangu Kwaresima. Wakati ule padre alisimama kanisani, Jumapili, na kusoma kwa uso mzito tangazo la kwanza la ndoa kati ya Monsieur Gauthier, mjane, na Mama Cathy, mpishi wa bweni. Anayejua kizuizi aseme. Karatasi ilikuwa na mhuri. Mhuri ulikuwa kiazi kitamu nilichokichonga kwa wembe. Padre hakuuliza kitu, kwa sababu ndivyo tulivyo katika mji huu: tukiona mhuri, tunasimama wima. Wanafunzi mia nne walipiga makofi. Mama Cathy alilia siku mbili, na si kwa furaha. Hilo sikulitaka, na sijalisahau.

Historia yenyewe niliipata kwa kambo. Huku kwetu kambo ni babu, na wangu anaitwa Léonard Kunda. Alitoka Pweto akiwa na miaka kumi na tisa, akaajiriwa katika kikosi cha maji cha mji, na kwa miaka ishirini na minane kazi yake ilikuwa kuifungua chemchemi ile asubuhi na kuifunga jioni. Sasa anakaa mtaa wa Bel-Air, katika nyumba ambayo bomba lake halijatoa tone tangu mwezi wa pili. Maji tunayafuata kwa jirani mwenye kisima cha mashine. Tafadhali usilisahau jambo hilo. Mimi ninalikumbuka kila ninapobeba bidoni la maji.

"Andika," kambo aliniambia, ameketi mlangoni. "Mu 1978 vanne ya kubwa ilipasuka, ile ya kufungula maji. Ya mupya? Akuna. Ya kutoka Ulaya, miezi sita. Chef anasema, tufunge fontaine. Miye nikasema apana."

"Ukafanya je, kambo?"

"Nikaenda ku bafu ya zamani ya bafanyakazi ba mine, ile balikuwa banabomoa. Nikatosha vanne yabo mule, nikabeba. Ilikuwa nguvu sana ile! Lakini ilikuwa na tabia yake. Vanne zote zinafungukaka ku mukono ya kushoto. Ile inafungukaka ku kuume. Nikaiweka. Mpaka leo njo ile iko mule."

"Na akuna mwenye anajua?"

"Nani aliniuliza?"

Alinieleza pia habari za samaki wa tatu. Wote watatu walikuwa wa shaba, kazi ya Mzungu fulani, na watu wa Pweto walikuwa wanakuja kuwatazama na kubishana, kwa kuwa samaki wa aina ile hajawahi kuvuliwa katika ziwa lolote. Mmoja aliibwa wakati wa uporaji wa 1991. Kambo akafinyanga wa saruji kwa mikono yake. Ukisimama karibu utaona tofauti: wawili wa shaba wanafanana na viatu, wa tatu ni samaki wa Mweru, mwenye tumbo na hasira.

Hayo yote niliyaweka katika aya ya nne. Aya tatu za kwanza ni za Wazungu, uhuru na mawe. Ya nne ni ya kambo. Nikamwambia: "Kambo, Jumamosi jina yako itasomwa mbele ya bakubwa. Mara mbili. Nimeiandika mara mbili."

Aliingia ndani, akatoa suti yake sandukuni, akaitundika juani. Suti moja. Aliiacha juani siku tatu, na kila jioni aliiingiza ndani na kuinusa kama bado ina harufu ya dawa ya nondo.

Ijumaa nilimkabidhi préfet maandishi. Aliyapokea kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya kwa mkia, akasema, "Tutaona."

Jumamosi, saa nne asubuhi, tukawa uwanjani. Mbele, chini ya hema, viti vyenye vitambaa vyeupe kwa ajili ya wakuu. Katikati, kamba. Nyuma ya kamba, viti vya plastiki, na katika safu ya mwisho kambo, mgongo wima, suti imekaa kama iliyoshonwa jana. Mimi niliwekwa karibu na kamba, kati ya préfet na nguzo ya hema, kwa usalama wa taifa.

Abigaël alipanda jukwaani. Aya ya kwanza aliisoma vizuri mno. Ya pili, mgeni wa heshima alitikisa kichwa kukubali. Ya tatu ikaishia miaka ya sabini, nami nikageuka kumtazama kambo. Alikuwa amefunga kifungo cha koti. Alijiweka sawa kitini, kidevu juu, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Na leo," Abigaël akasoma, "kwa ukarimu usio na kifani wa kampuni yetu mshirika, na kwa maono ya mbali ya..."

Sikusikia mengine. Sijawahi kuandika neno kifani maishani mwangu. Nilimtazama kambo tu. Alibaki vilevile, kidevu juu, hadi mwisho, kwa sababu mwisho bado ungeweza kuwa na jina. Watu walipopiga makofi, naye akapiga makofi.

Alipiga makofi. Ningeweza kuvumilia mengine yote.

Abigaël alishuka akaja kusimama nyuma yangu. "Gra, pardon," akanong'ona. "Préfet alinipa karatasi ingine asubuhi. Alisema nikikuambia, nafunga valizi narudia nyumbani."

"Ulikuwa na saa tatu za kuniambia."

"Nilikuwa na woga saa tatu."

Nikamgeukia préfet. "Monsieur le Préfet, aya ya nne iko wapi?"

Hakunitazama. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya kamera. "Vanne inayofunguka kinyume?" alisema kwa pembe ya mdomo. "Samaki wa saruji mwenye hasira? Fundi wa bomba anayeokoa mji kwa chuma cha bafuni? Gracia, mimi si padre."

Ndipo nilipoelewa. Hakukata aya ile kwa sababu kambo ni mtu mdogo, ingawa hilo pia lilimrahisishia. Aliikata kwa sababu niliiandika mimi. Kiazi changu ndicho kilichomfuta kambo. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na sehemu yake kubwa haikuwa na pa kwenda ila kwangu mwenyewe, jambo ambalo kwa mtu wa tabia yangu ni matumizi mabaya ya hasira.

Wakati huo mgeni wa heshima alikuwa amefika kwenye shimo dogo la pembeni, ambamo walikuwa wameifungia valvu, ile vanne ya kambo, mkono mpya unaong'aa. Mhandisi aliyekuwa akisimamia kazi, kijana aitwaye Clovis, alimwonyesha namna ya kuuzungusha: kushoto, Mheshimiwa, taratibu. Alhamisi walikuwa wamejaribu pampu kwa maji ya lori. Valvu ya bomba kubwa hawakuigusa hata kidogo. Walimwachia mgeni awe wa kwanza. Ilikuwa imefungwa, na aliyeifunga ni kambo, siku ya mwisho ya kazi yake.

Mgeni akazungusha kushoto. Fanfare, bendi ya matarumbeta, ikapiga. Kamera zikaelekezwa kwa samaki.

Kutoka kinywani mwa samaki wa kwanza akatoka mjusi. Alitazama umati, akarudi ndani.

"Ni presha, Mheshimiwa," Clovis akasema. "Dakika mbili tu." Akaingia shimoni mwenyewe, akashika mkono ule na kuusukuma kwa nguvu zaidi, kushoto. Fanfare ikapiga tena wimbo uleule, polepole kidogo.

Kambo akasimama. Nilimwona anapita kati ya viti, anaomba radhi kwa kila goti, mpaka kwenye kamba, hatua tatu kutoka kwangu. Mlinzi akamzuia.

"Papa, uko ku liste?"

"Liste ya nini? Ile vanne njo yangu."

"Bote banasemaka vile. Rudia nyuma."

"Mutoto yangu, anageuza mubaya. Acha nimuonyeshe, ni kintu ya dakika moja."

"Papa, nimesema nyuma!" Akamwekea kambo kiganja begani na kumsukuma. Si kwa nguvu sana. Alimsukuma kama anayefunga mlango wa kabati. Kiganja kile kilikuwa na vumbi, na kikaacha alama yake juu ya koti lililokaa juani siku tatu.

Shimoni, Clovis aliomba bomba la chuma. Wakamletea, akalichomeka kwenye mkono wa valvu ili aongeze nguvu, akaegemea kwa uzito wake wote. Chuma kikalia. Si sauti kubwa, lakini kambo aliisikia kama mama anavyosikia mtoto wake kati ya watoto mia.

Préfet akanikamata mkono. "Umefanya nini?"

"Mimi?"

"Usinichezee, Gracia! Maji iko wapi?"

"Iko katika aya ya nne, Monsieur le Préfet."

Alinikodolea macho. Nami nakiri hapa, kwa kuwa nilianza kwa kuahidi ukweli, au kama sikuahidi basi naahidi sasa: nilitaka ivunjike. Nilikuwa na nakala ya aya ile ndani ya soksi, nilikuwa najua neno moja ambalo lingemaliza kila kitu, na nilitaka valvu ikatike mkononi mwa Clovis, maji yapande kutoka shimoni, viti vyeupe vielee, na mgeni wa heshima arudi nyumbani Golf, mtaa wa matajiri, akiwa amebeba viatu vyake. Nilikuwa naisubiri sauti ile ya pili ya chuma kama watu wanavyosubiri keki.

"Gracia." Alikuwa kambo, ng'ambo ya kamba. "Itavunjika. Ambia bo."

"Balikufuta, kambo."

"Nilisikia. Ambia bo."

"Balikufuta na unapiga makofi!"

"Mutoto alisoma muzuri, ningefanya nini? Ambia bo, Gracia. Ile vanne aina makosa."

Alinisemesha kwa sauti ndogo. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi: kwamba nimeibeba peke yangu, yake na yangu. Lakini alikuwa ananitazama, na huku bega lake lina alama ya vidole vitano.

Nikainama, nikatoa karatasi kwenye soksi, nikampa Abigaël. "Peleka kwa ule wa shimoni," nikamwambia. "Mstari ya mwisho. Muonyeshe tu mstari ya mwisho."

Abigaël akaichukua. Akatembea mpaka karibu na shimo, na hapo nadhani zile saa tatu za woga zilimwishia, kwa sababu hakusimama. Alilipita shimo, akapanda jukwaani, akaigonga maikrofoni kwa kidole.

"Aya ya nne," akasema.

Préfet alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Chemchemi hii," Abigaël akasoma, kwa sauti ile ya kuuza samaki, "haikuwekwa hai na wale walioilipia. Iliwekwa hai na Léonard Kunda wa Pweto, fundi wa kikosi cha maji, aliyeifungua kila asubuhi na kuifunga kila jioni kwa miaka ishirini na minane. Mwaka 1978, valvu kubwa ilipopasuka na wakubwa wakaamua kuifunga chemchemi, alichukua valvu kutoka bafu la wafanyakazi wa mgodi lililokuwa linabomolewa, akaifunga hapa kwa mikono yake. Samaki wa tatu ni wake pia. Mtazameni, yeye peke yake kati ya watatu ana jina ziwani. Hakuna aliyemuuliza Léonard Kunda lolote tangu astaafu, na kwa hiyo hakuna anayejua kwamba valvu ile bado imo, na kwamba haifanani na nyingine. Hufungukia kuume."

Watu walidhani nilipanga ukweli ule uwe katika neno la mwisho, ili Clovis alazimike kusikiliza yote, akiwa amesimama shimoni na chuma mkononi. Hapana. Ni bahati ya mtindo tu. Lakini alisikiliza yote, na wakuu nao, na jina lilipita mara mbili juu ya vichwa vyao kwa spika nne walizozikodi wenyewe.

Clovis aliutazama mkono wa valvu. Akachomoa bomba la chuma, akaliweka chini. Akazungusha kuume, kwa mkono mmoja, bila nguvu.

Chini ya mawe kitu kilikohoa. Samaki wa saruji alikuwa wa kwanza. Alitema tope, kisha kutu, kisha maji meupe yaliyopanda juu kuliko hema. Nyuma ya kamba watu waliruka. "Papa Léonard! Papa Léonard!" walipiga kelele, watu ambao dakika tano kabla hawakumjua. Mlinzi akainua kamba ili apite.

Kambo hakupita. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake, safu ya mwisho, anafuta bega kwa leso.

Préfet alinipata baadaye, karibu na basi la shule. Alikuwa amelowa upande mmoja.

"Ungeniambia ni kweli," alisema.

"Nilikuambia, Monsieur le Préfet. Niliandika."

"Uliandika pia kwamba ninaoa."

Nilimfungulia mlango wa basi.

Alinipa adhabu ya kumi na mbili, kwa kuficha hati katika vazi, na ilinifunga shuleni Jumatatu, siku ambayo Clovis alitoa ile valvu na kuweka mpya inayofungukia kushoto kama za dunia nzima. Nilitaka kambo akatae. Nilimtumia ujumbe wenye alama nane za mshangao. Alinipigia simu.

"Hata miye ningeibadilisha," alisema. "Ilikuwa imechoka. Miye nilienda tu kubaonyesha boulon, bolti ya nyuma, ile aionekane."

"Mlinzi alikuacha?"

"Ule ule. Anauliza, papa, uko ku liste? Namuambia, angalia. Anaangalia, anaangalia. Njo ananikuta chini kabisa, kwa bic: Kunda Léonard, fontainier, njo fundi ya fontaine. Clovis aliniandika. Nilimuomba ile karatasi. Anasema ni ya kazi. Basi akapasula ile kipande ya chini, akanipa."

Kipande hicho kiko katika mfuko wa suti. Nimekiona. Kina upana wa kidole na doa la mafuta. Kambo anasema kinatosha. Mimi nasema hakitoshi, na tumeacha kulizungumzia, kwa sababu anapenda amani na bomba lake bado ni kavu.

Bamba la marumaru liko palepale. Lina majina tisa, yamepakwa rangi ya dhahabu, na kati ya watu hao tisa hakuna hata mmoja aliyewahi kulowana kwa kazi. Jumapili, nikitoka misa, nilipita nikapima kwa kiganja nafasi iliyobaki chini ya jina la tisa. Inatosha mstari mmoja, hata ukiandika na Pweto. Kiazi kitamu hakiwezi kuchora marumaru. Nimeuliza. Inahitajika patasi ndogo, nyundo ya mbao, na mtu wa kushika taa usiku, na Abigaël amesema safari hii hana woga.

Haya yote nimeyaandika kwa utulivu.